Somo: Bei na Wakati wa Kuuza

Leo tutazame jinsi wakati na bei viwezavyo kumwinua mfanyabiashara au kumwangusha.

Mwaka 1995 makampuni mawili ya Japani, Sega na Sony, yalishindana kuuza huko Marekani mashine mpya za michezo ya video. Sega ilikuwa imetangaza kuwa Saturn yake itatoka tarehe 2 Septemba. Lakini tarehe 11 Mei, katika maonyesho ya Los Angeles, ikasema mashine imekwisha fika madukani, bei yake dola 399. Siku ile ile Sony ikataja bei ya PlayStation, itakayotoka Septemba: dola 299.

Kwa nini bei ndogo? Kwa sababu mwenye mashine hupata pia fungu lake katika kila mchezo uuzwao baadaye.

Haraka ya Sega ilileta madhara. Michezo ilikuwa michache, kwani watungaji wengi walijiandaa kwa Septemba. Na wenye maduka walionyimwa mashine walikasirika. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza mashine hizo.

Basi, nawe mwenye duka, kabla ya kumtangulia mwenzako sokoni, jiulize: bidhaa zangu zimetimia? Na je, mteja akingoja kidogo, atapata nafuu kwa jirani?