Nukuu katika barua pepe

Nukuu katika barua pepe ni maneno ya ujumbe wa zamani yanayorudiwa ndani ya ujumbe mpya, pale mtu anapojibu barua pepe aliyoipokea au anapoisambaza kwa mtu mwingine. Kazi ya kunakili maneno hayo hufanywa na programu ya barua pepe, kama vile Gmail, Outlook, Thunderbird au Apple Mail. Programu huyatia alama ili msomaji ayatofautishe na maneno mapya. Hata hivyo nukuu hiyo ni maandishi ya kawaida, na mtumaji anaweza kuyabadilisha kabla ya kuyatuma.

Kujibu na kusambaza

Anayejibu barua pepe hupata kwanza mstari unaotaja tarehe na jina la mwandishi wa awali, kisha maneno yenyewe. Katika ujumbe wa maandishi matupu, yaani usio na rangi wala mapambo, kila mstari ulionukuliwa hutanguliwa na alama >. Ukinukuliwa mara ya pili huwa na alama mbili. Mfano:

>> Bei ya mahindi ni ngapi?
> Shilingi 700 kwa kilo.
Tumekubali.

Hapa mstari wenye alama mbili ndio wa kale zaidi, na usio na alama ndio mpya.

Kusambaza ni tofauti kidogo, kwa sababu mpokeaji mpya hakuuona ujumbe wa kwanza. Kwa hiyo programu hunakili pia sehemu ya kichwa cha ujumbe: aliyeandika, tarehe, mada na waliopelekewa. Gmail hutenganisha sehemu hiyo kwa mstari wa vistari, na Apple Mail huweza kuonyesha nukuu kwa mstari wa wima pembeni. Viambatisho kwa kawaida huenda pamoja na ujumbe unaosambazwa, lakini huachwa wakati wa kujibu. Mada nayo huongezewa "Re:" katika jibu, na "Fwd:" au "FW:" katika ujumbe uliosambazwa.

Msomaji wa Kiswahili aangalie pia saa. Programu nyingi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo 15:40 ni saa 9 na dakika 40 alasiri. Katika kichwa kamili cha ujumbe, majira ya Afrika Mashariki huandikwa +0300.

Historia

Alama ya > ilizoeleka katika mitandao ya awali ya kompyuta, ikiwemo Usenet. Mwaka 1985 Marshall Rose na Einar Stefferud walitoa pendekezo lililojulikana kama RFC 934, lililoeleza namna ya kufunga ujumbe mmoja ndani ya mwingine kwa kutumia mistari inayoanza na kistari. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME. Kanuni hizo ziliwezesha ujumbe mzima, pamoja na kichwa chake, kubebwa kama kipande kinachojitegemea ndani ya ujumbe mwingine.

Tatizo jingine lilikuwa urefu wa mistari. Kanuni hushauri mstari usizidi herufi 78. Kila nukuu inapoongeza alama, mstari hurefuka, hukatika, na neno moja au mawili hubaki peke yake chini. Kanuni ya RFC 3676 ya mwaka 2004 inaeleza suluhisho: nafasi tupu mwishoni mwa mstari huiambia programu kwamba sentensi inaendelea, hivyo inaweza kuipanga upya. Si programu zote zinazoifuata. Ujumbe ulioandikwa kwa HTML hauhitaji alama ya > kwa kuwa nukuu huonyeshwa kwa mistari ya pembeni au kwa kusogezwa ndani.

Kunukuu ndani au kuambatisha

Kuna njia mbili za kusambaza. Ya kwanza ni kunukuu ndani ya ujumbe, na ndiyo inayotumiwa zaidi. Ujumbe husomeka kwa urahisi hata kwenye simu, lakini kichwa kamili cha awali hupotea, pamoja na sahihi ya kidijitali ambayo seva ya mtumaji iliuwekea ujumbe.

Ya pili ni kuusambaza ujumbe wa awali kama kiambatisho. Hapo unabaki mzima: njia uliyopitia, saa za kila seva, na sahihi hiyo. Mtaalamu anaweza kuichunguza sahihi na kujua kama ujumbe umeguswa. Thunderbird na Outlook zina chaguo hili, na Gmail pia inapotumiwa kwenye kompyuta.

Uaminifu wa nukuu

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa Sumbawanga. Mnunuzi aliyeko Mbeya anamwandikia katibu kwamba atalipa shilingi 700 kwa kilo ya mahindi. Katibu anabonyeza kitufe cha kusambaza, anafuta 700, anaandika 600, kisha anawatumia wanachama wa Laela na Mpui. Jina la mnunuzi, tarehe na mada vyote ni vya kweli, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba tarakimu imebadilishwa. Mkulima anayeuza kwa bei hiyo anapoteza shilingi 100 kwa kila kilo, yaani shilingi 10,000 kwa gunia la kilo 100.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani. Kifungu cha 18 kinaitaka mahakama iangalie namna ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, jinsi ulivyolindwa usibadilike, na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa. Kwa kipimo hicho, ujumbe wa awali uliohifadhiwa una nguvu kuliko nukuu iliyopita mikononi mwa watu kadhaa.

Hatari nyingine ni kufichua siri. Ujumbe uliojibiwa mara nyingi hubeba mazungumzo yote ya nyuma, pamoja na anwani za walioshiriki. Gmail huficha sehemu hiyo nyuma ya vitone vitatu, hivyo mtu anaweza kuisambaza bila kujua. Inafaa kuvifungua vitone hivyo na kusoma hadi chini kabla ya kutuma. Vilevile, mwenye shaka juu ya ujumbe aliosambaziwa anaweza kuomba utumwe tena kama kiambatisho, au kumwuliza mwandishi wa kwanza.