Bibi, ekseli na mkao wa mnyororo

"Bibi imekufa," fundi aliniambia, mikono imejaa grisi. Jirani aliyekuwa akipita alisimama, akajiandaa kunipa pole, halafu akaisikia vizuri ile "i": imekufa, si amekufa. Akacheka, akaenda zake.

Fundi wangu huita "bibi" kile ambacho Waingereza hukifupisha kwa herufi mbili, BB, yaani "bottom bracket". Ni ekseli fupi inayopita chini kabisa ya fremu na kushika mikono miwili ya pedali, pamoja na gololi na vikombe vyake. Ikilegea, pedali hucheza kama jino bovu. Jina hilo limezaliwa kwenye benchi la fundi, na sarufi imelipokea bila ugomvi: bibi hii, bibi zangu mbili, bibi ya zamani. Mwenye bibi wa kweli nyumbani hachanganyikiwi.

Kilichonichanganya mimi ni namba. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya mbio, yenye sproketi mbili mbele na nane nyuma. Fundi alinituma Kariakoo na bibi ya zamani nimeifunga kwenye gazeti, maandishi yake yamefutika kwa kutu. Muuzaji aliipima kwa macho, akanipa mpya iliyoandikwa 68 x 127.5. Iliingia vizuri kabisa. Nyuzi zilikubali, vikombe vikakaza, pedali zikazunguka kimya. Nikapanda. Barabara ilipoanza kuinuka nikahamisha mnyororo kwenye sproketi kubwa ya nyuma, ile ya kupandia mlima, na hapo ndipo kelele ilipoanza: krr, krr, krr, kama mtu anayesaga mahindi mabichi. Mbele, mnyororo haukutaka kabisa kupanda sproketi ya nje; chombo cha kuuhamisha kilifika mwisho wake kikagota. Nikarudi nikiisukuma.

Fundi hakugusa kitu. Alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akafumba jicho moja, akatazama mbele kwa kufuata mnyororo. "Cheni haijakaa," akasema. "Imekwenda pogo."

Neno la kiufundi la alichokuwa anakitazama ni "chainline", na wafasiri wengi wangelikimbilia "mstari wa mnyororo". Silipendi. Kwanza, mnyororo wa baiskeli ya gia hauna mstari mmoja. Unahama kila unapobadilisha gia. Pili, Waingereza wenyewe wamelibebesha neno hilo mizigo miwili. Mara ni kipimo: umbali kutoka katikati ya fremu hadi kwenye sproketi, kwa milimita. Mara ni sifa: mnyororo kwenda moja kwa moja bila kupinda. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia chainline ni 43.5, na mwingine akakuambia chainline ni nzuri, na wote wawili wakawa sahihi.

Kiswahili hakina sababu ya kuurithi mchanganyiko huo. Fundi alishatoa maneno yote mawili akiwa amechuchumaa. Cheni hukaa, kwa hiyo ina mkao. Cheni huenda sawa au pogo, kwa hiyo ina unyofu au upogo. Kipimo kiwe mkao wa mnyororo: mkao wa mbele, mkao wa nyuma. Hali inayotokea mikao miwili ikilingana iwe unyofu. Neno "mkao" halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kulalamika kwamba mlango haujakaa kwenye fremu yake.

Na hiyo bibi je? Hapa lugha zimegawana kitu kimoja kama ndugu wanaogawana shamba. Jina la Kiingereza limeshika kishikizo kilicho chini ya fremu, ambacho wala si kitu kinachozunguka. Mfaransa hukiita sanduku la pedali, "boîtier de pédalier". Mjerumani ameangalia kazi yake, akasema "Tretlager", beringi ya kukanyagia. Mhispania husema "eje de pedalier", akachagua mhimili wenyewe. Nikilazimika kuandika kitabu cha ufundi, ningemfuata Mhispania: ekseli ya pedali, na pale inapopita pawe bomba la ekseli. Sababu ni hizo namba mbili. Ile 68 ni upana wa bomba, na haina mjadala, kwa kuwa fremu yako ni 68, au 70 kama ni ya Kiitaliano, au 73 kama zilivyo nyingi za milimani za sasa. Ile 127.5 ni urefu wa ekseli, ncha hadi ncha. Ukisema tu "urefu wa bibi", muuzaji hajui unauliza ipi. Mimi niliuziwa upana sahihi wa bomba na urefu wa ekseli usio wangu.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwa mkao wa mbele, nilishika rula, nikapima kutoka ubavuni mwa bomba la kiti hadi katikati ya sproketi mbili za mbele. Nikapata milimita 36.5 hivi. Bomba la kiti lina kipenyo cha 28.6, nusu yake 14.3. Jumla, karibu 51. Kwa nyuma, nafasi kati ya masikio ya fremu, pale gurudumu linapofungwa, ni milimita 130, nusu yake 65. Kutoka sikio la kulia hadi katikati ya rundo la sproketi nane ni kama 21.5. Toa: 43.5. Basi mbele ilikuwa imetoka nje zaidi ya nyuma kwa milimita saba na kidogo.

Milimita saba ni upana wa penseli. Lakini mnyororo ukiwa kwenye sproketi ya nje mbele na ya ndani kabisa nyuma, ulishakuwa na mshazari wa sentimita mbili hata siku njema. Ongeza penseli moja, ukaribie tatu. Viungo vya mnyororo hupinda vizuri juu na chini, lakini kwenda ubavuni vimepewa uhuru mdogo tu. Vikilazimishwa, husaga meno.

Sasa urefu gani? Hapa ndipo watu hukosea hesabu, na mimi nilikosea pia. Nilitaka kupunguza saba, nikataka ekseli fupi kwa saba. Fundi akatikisa kichwa: ekseli ina ncha mbili. Ukiifupisha, kila upande hupoteza nusu tu. Kusogeza sproketi milimita saba ndani, ufupishe kumi na nne. Kutoka 127.5 ukitoa 14.5 unapata 113, na kwa bahati 113 ni mojawapo ya saizi ambazo Shimano ametengeneza kwa miaka mingi, pamoja na 107, 110, 115, 118 na 122.5. Ukikosa saizi kamili, na kikombe cha kulia kina ukingo, pete nyembamba chini ya ukingo huo husukuma ekseli nzima kulia kwa unene wa pete yenyewe; hapo hakuna nusu. Lakini pete hutoa nje tu, haiingizi ndani.

Usiichukue 113 kama dawa ya kila baiskeli. Mkono wa pedali huingia kwenye ncha ya mraba iliyochongwa kwa kuchongoka, na kina unachoingia hutegemea mchongo huo. Kuna mchongo wa Kijapani na wa kimataifa, yote miwili huchongoka kwa pembe ya nyuzi mbili, tofauti ni unene wa ncha. Mkono wa Kijapani ukiuvika kwenye ekseli ya kimataifa huzama milimita nne au tano zaidi, na mkao wako wote umehama bila urefu kubadilika. Kwa hiyo pima ulichonacho, kisha ndipo utafute namba.

Wenye baiskeli za Phoenix na ndugu zake za mizigo wana shida nyingine. Huko sproketi ni moja mbele na moja nyuma, mikono imefungwa kwa kotapini, na unyofu unapimwa kwa uzi uliovutwa kwenye uso wa sproketi ya mbele hadi ya nyuma. Ekseli nyingi za aina hiyo hazilingani pande: upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Fundi mwanafunzi akiirudisha kinyume, kila kitu kinaingia, kila kitu kinakaza, na mnyororo unaruka kila ukibeba gunia.

Nilirudi Kariakoo na namba nimeiandika kwenye kiganja. Nikamwomba muuzaji ekseli ya pedali, bomba 68, urefu 113, mchongo wa Kijapani. Alinitazama kidogo.

"Unataka bibi?"

"Ndiyo, kaka."

"Ungesema." Akatoa boksi, nikasoma ubavuni: 68 x 113. Kwenye risiti aliandika kwa herufi kubwa: BIBI 1, FUPI.