Kampuni ya Bakhresa

Kampuni ya Bakhresa ni kundi la makampuni binafsi la Tanzania, linalomilikiwa na familia ya Bakhresa, ambalo shughuli yake kuu ni usagaji wa nafaka. Makao makuu yako Dar es Salaam. Bidhaa zake nyingi hubeba jina la Azam.

Mwanzilishi, Said Salim Awadh Bakhresa, alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Aliacha shule akiwa kijana, akauza urojo, kisha katika miaka ya 1970 akaendesha mgahawa mdogo Dar es Salaam kabla ya kuingia kwenye usagaji. Baadaye wanawe walishika nafasi za uongozi.

Katika vinu vya kampuni, ngano, ambayo sehemu yake kubwa huagizwa kutoka ng'ambo, husafishwa na kulowekwa kidogo ili ganda liwe imara lisipondeke na kiini kilainike. Husagwa kwa mashine za rola, kisha unga huchekechwa hatua kwa hatua na kufungashwa. Unga wa ngano hutumika kwa mikate, chapati na maandazi. Pumba huwa chakula cha mifugo. Sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, nao husagwa.

Kampuni ilipanua usagaji hadi Uganda, Malawi, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Nchini Tanzania iliongeza vinywaji, aiskrimu, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na televisheni ya Azam. Klabu yake ya soka ya Azam ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2013/14.