Sheria ya Muda kwa Hitaji la Kudumu

Daktari wa kigeni anayesomea ubingwa Marekani kwa viza ya J-1 hubanwa na sharti moja: akimaliza, arudi kwao akakae miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Mwaka 1965 Marekani ilifuta mgawo wa wahamiaji uliopendelea mataifa ya Ulaya, na mwaka huohuo ikaanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Wagonjwa wakaongezeka hospitalini, na madaktari wengi wakaja kutoka nchi kama India na Ufilipino. Haikupita miaka mingi Bunge likageuka. Sheria ya mwaka 1976 ilitamka kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari, ikawafunga kwa sharti la miaka 2 wote waliokuja kwa J-1 kusomea ubingwa. Mwaka 1980 kamati ya serikali ikatabiri kwamba kufikia 1990 kungekuwa na ziada ya madaktari 70,000. Kosa la hesabu hizo lilikuwa moja, nalo ni kubwa: zilihesabu madaktari wa taifa zima kwa jumla, wakati mgonjwa hatibiwi na jumla. Daktari wa kumi katika mtaa wa kitajiri wa Boston hamsaidii mkulima wa Dakota Kaskazini aliye mbali na zahanati.

Ndiyo maana dawa ilitoka huko mashambani. Mwaka 1994 Kent Conrad, seneta wa Dakota Kaskazini, alipitisha kifungu kilichoruhusu idara ya afya ya kila jimbo kuwaombea madaktari 20 kwa mwaka wasamehewe sharti la kurudi kwao. Kila mmoja angetumikia miaka 3, saa 40 kwa wiki, mahali palipotambuliwa rasmi kuwa na uhaba. Mwaka 2002 idadi ikawa 30. Jimbo dogo la Wyoming hupata nafasi sawa na Texas, jambo linaloonyesha kwamba mgawo haukupimwa kwa idadi ya wagonjwa. Kubwa zaidi, kifungu hicho kilipewa tarehe ya kufa. Tangu hapo Bunge limekuwa likikiongezea muda kila kinapokaribia kuisha, mara nyingi ndani ya miswada ya bajeti. Hitaji limedumu miongo mitatu, na sheria inayolihudumia bado ni ya muda. Hospitali ya kijijini haiwezi kupanga wodi ya wazazi kwa sheria ya namna hiyo.

Tena, msamaha wa Conrad si ukaazi. Humwondolea daktari kikwazo, kisha humwacha na viza ya kazi, ambayo kwa kawaida humfunga kwa mwajiri mmoja. Njia ya ukaazi ilifunguliwa na sheria nyingine ya mwaka 1999: daktari akitumikia miaka 5 katika eneo lenye uhaba, au katika hospitali za maveterani, anaweza kuomba bila mwajiri kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kazi hiyo. Miaka 3 ya Conrad huhesabiwa humo. Hata hivyo, sheria inayozuia nchi moja kupata zaidi ya asilimia 7 ya nafasi za ukaazi wa kikazi humfanya mzaliwa wa India asubiri miaka mingi, wakati mwenzake wa Kenya waliyeajiriwa naye siku moja huweza kumtangulia. Utumishi ni uleule. Kinachotofautisha malipo ni mahali mtu alipozaliwa. Hilo ni dhuluma.

Wapo wanaosema madaktari hawa huhamia mjini muda wao ukiisha. Baadhi huhama, kweli. Lakini atakayekaa kwa hiari ni yule aliyepata mizizi, na mtu hapati mizizi pale ambapo hadhi ya mkewe na wanawe inategemea mkataba mmoja. Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu: kila daktari anayebaki Marekani ni daktari aliyepotea Tanzania au Uganda. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri wataalamu wa afya kimataifa mwaka 2010, nazo ni za hiari tu. Pingamizi hili nalikubali nusu. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500. Mahakama ya Kenya iliposimamisha mpango huo, Rais Magufuli aliagiza waombaji 258 waajiriwe nyumbani. Walikuwa wamesoma, wapo, na hospitali za wilaya ziliwahitaji. Kilichokosekana ni ajira. Kumlazimisha daktari arudi hakumpatii kazi. Taifa linalofaidika na elimu yake lingetenda haki zaidi kwa kugharamia mafunzo kule alikotoka kuliko kumfukuza kwa miaka 2.

Kwa hiyo Bunge la Marekani likifanye kifungu cha Conrad kuwa cha kudumu, na miaka ya utumishi ihesabiwe moja kwa moja kuelekea ukaazi, bila kujali nchi ya kuzaliwa. Na wewe daktari kijana unayefikiria njia hiyo, soma mkataba wako kabla ya kutia saini: miaka 3 hukuondolea sharti la kurudi, ila ukaazi ni ombi jingine lenye miaka yake.