Cahit Berkay na Sauti ya Filamu za Uturuki

Miaka ya 1960, sinema ya Uturuki ilikuwa ikitoa filamu kwa pupa. Kitovu chake kilikuwa Yeşilçam, mtaa wa Beyoğlu jijini Istanbul, na kuna miaka filamu zilizidi mia mbili. Kwa mwendo huo, kumlipa mtunzi wa muziki kulionekana anasa. Mara nyingi fundi wa sauti alichukua santuri za kigeni akazipachika chini ya maneno ya waigizaji, na msichana wa kijijini Anatolia akamwaga machozi huku nyuma yake zikilia fidla za Hollywood.

Cahit Berkay ni mmoja wa waliobadili hali hiyo, na kwa maoni yangu hakuna aliyefanya hivyo kwa mguso kama wake. Alizaliwa mwaka 1946 huko Uluborlu, mkoani Isparta. Mwaka 1967 alishiriki kuanzisha Moğollar, bendi ya rock ambayo baadaye iligeukia nyimbo na ala za vijijini, mtindo uliokuja kuitwa Anadolu pop. Mwaka 1971 santuri yao ilipewa tuzo ya Académie Charles Cros nchini Ufaransa.

Kwenye bendi Berkay alipiga gitaa, lakini pia bağlama na yaylı tambur. Bağlama ina shingo ndefu iliyofungwa nyuzi kwa kuizunguka, na nyuzi hizo husogezwa ili kupata sauti zilizo katikati ya vibonyezo viwili vya piano. Anayesikiliza ala ya kanuni katika taarab atazitambua sauti hizo papo hapo. Yaylı tambur huchezwa kwa upinde, na sauti yake huvutika mpaka mtu akadhani inataka kusema.

Sauti za namna hiyo ndizo alizoingia nazo kwenye sinema. Kazi yake inayopendwa kuliko zote ni ya filamu ya mwaka 1977, *Selvi Boylum Al Yazmalım*, iliyoongozwa na Atıf Yılmaz kutokana na hadithi ya Chinghiz Aitmatov wa Kirgizi. Asya, aliyeigizwa na Türkan Şoray, anaolewa kwa mapenzi na dereva wa lori, aliyeigizwa na Kadir İnanır, ambaye baadaye anamtelekeza. Cemşit, aliyeigizwa na Ahmet Mekin, anampokea yeye na mwanawe. Mume anaporudi, Asya hana budi kuchagua. Sehemu kubwa ya uchaguzi huo hupita kwa macho na mawazo. Hawa watatu hawajibizani sana. Hapo ndipo muziki wa Berkay unapobeba mzigo. Watazamaji wengi wa Uturuki wakisikia mwanzo wake tu, hujua ni tukio gani.

Moğollar ilivunjika mwaka 1976, lakini Berkay aliendelea kutunga muziki wa filamu nyingi, mpaka bendi ikaungana tena mwaka 1993. Wakati huo televisheni binafsi zilikuwa zimeshaanza, nazo zikazirudia filamu za Yeşilçam mara kwa mara, hivyo watoto waliozaliwa baada ya filamu hizo wakakua na muziki wake masikioni. Leo tamthilia za Kituruki huonyeshwa Afrika Mashariki zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Maneno hubadilishwa yote. Muziki huachwa ulivyotoka Istanbul, na ala za Anatolia bado zimo.