Fedha za Utafiti Zilipoishia Ruvuma: Kimwani katika Historia ya Ufadhili wa Kiswahili

Kila mwaka tunapofundisha lahaja za Kiswahili tunaanzia Barawa, tunashuka Lamu, Mombasa, Vumba, Mtang'ata, Pemba na Unguja, kisha tunasimama karibu na Mtwara. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kwani ng'ambo ya Ruvuma watu hawasemi?" Wanasema. Kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimba na mji wa Pemba wa Msumbiji, wapo Wamakwe na Wamwani, ambao lugha zao zina udugu wa karibu na Kiswahili. Wataalamu bado wanabishana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha inayojitegemea. Makala haya hayaingii katika ubishi huo. Yanauliza jambo la awali zaidi: kwa nini rafu zetu zina vitabu vichache mno vya kuusaidia ubishi wenyewe? Jibu ninaloliona ni kwamba fedha za serikali za utafiti zilifuata mipaka ya dola, hazikufuata mipaka ya lugha.

Tuanze na mpaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Mto Ruvuma utenganishe maeneo yao. Mwaka 1887 Wareno waliishambulia Tungi, karibu na Palma ya leo, ambayo Sultani wa Zanzibar aliidai kuwa yake. Mwaka 1891 Ureno iliikabidhi Cabo Delgado kwa Kampuni ya Nyassa, iliyotawala hadi 1929. Kampuni hiyo ilikuja kutafuta faida, ikakusanya kodi ya kibanda na kuwapeleka watu kazini. Kusomesha na kutafiti havikuwa shughuli zake.

Mwaka uliofuata, 1930, upande wa kaskazini iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Serikali za nchi hizo nne ndizo zilizoichangia. Kamati ilihamia Makerere mwaka 1952, na katika miaka hiyo ikatoa vijitabu vya lahaja ambavyo bado tunavitumia: Kimtang'ata cha Whiteley (1956), Kivumba cha Lambert (1957), Chichifundi cha Lambert na lahaja za Pemba za Whiteley (1958). Mfululizo huo ulifika hata katika vijiji vidogo vya pwani ya kusini ya Kenya, lakini haukuvuka Ruvuma. Si ajabu, kwa sababu Ureno haikuwa miongoni mwa wachangiaji. Mwaka 1964 Kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili jijini Dar es Salaam, na kasoro ile ikarithiwa pamoja na mali.

Kusini nako chuo kikuu kilichelewa. Elimu ya juu Msumbiji ilianza mwaka 1962 huko Lourenço Marques, mbali kabisa na Wamwani. Baada ya uhuru wa 1975 chuo hicho kiliitwa Eduardo Mondlane (1976), na mwaka 1979 Eugeniusz Rzewuski, mwanaisimu kutoka Poland, alitoa msamiati wa Kimwani jijini Maputo. Mwaka 1988 chuo hicho, kupitia kitengo chake cha NELIMO, kiliitisha semina ya kusanifisha maandishi ya lugha za Msumbiji, Kimwani kikiwemo. Hata hivyo, vita vya ndani vilivyodumu hadi 1992 vilifanya safari za uwandani kuwa ngumu. Kazi mbili zinazotajwa sana leo zilitoka Ulaya: muhtasari wa Kimwani wa Malin Petzell (Göteborg, 2002) na tasnifu ya Maud Devos juu ya Kimakwe (Leiden, 2004).

Je, serikali zetu hazikufanya lolote? Zilifanya. Tanzania ilianzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986, na Msumbiji Mfuko wa Taifa wa Utafiti mwaka 2005. Mwaka 1980 Mpango wa Lagos ulizitaka nchi za Afrika zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na utafiti. Wito huo ulirudiwa Khartoum mwaka 2006. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza 2001 ulitegemea fedha za serikali ya Sweden, na jina lake lenyewe linatuonyesha ulikoishia.

Msomaji anaweza kusema kwamba serikali ina haki ya kutumia kodi ya wananchi wake kwa mambo ya wananchi wake. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na mwaka 2019 SADC, ambamo Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama, iliipokea lugha hii kuwa rasmi. Ikiwa tunaisherehekea lugha pamoja, basi na gharama ya kuitafiti tuibebe pamoja.

Wala muda hautusubiri. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na Machi 2021 ilipofuata Palma, mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado wamehama makwao. Mzee anayekufa akiwa mbali na kijiji chake huondoka na msamiati wa uvuvi, wa majahazi na wa ngoma. Hakuna ruzuku ya kesho itakayourudisha.

Kwa wanafunzi wetu nina ushauri wa mambo matatu. Kwanza, anayeandika pendekezo la utafiti aweke wazi gharama za kinasa sauti, betri, nauli na posho ya msaidizi wa lugha. Utafiti wa uwandani haufanyiki kwa nia njema peke yake. Pili, ajifunze Kireno, kwani Hifadhi ya Historia ya Msumbiji mjini Maputo ina barua za karne ya 19 za hati ya Kiarabu kutoka pwani hiyo, na orodha na barua jirani ziko kwa Kireno. Tatu, atafute msimamizi mwenza katika vyuo vya Msumbiji, kikiwemo Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006 na chenye kampasi Pemba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Göteborg na Leiden wamekuja, nasi tunawashukuru. Sasa ni zamu ya wenyeji kuweka fungu lao.