Akili ya Mtoto Haimo katika Karatasi Moja



Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wa Darakasi, Kismayo, Koyama, Chovai na Chula. Wengi walikimbilia Mombasa, na wengine wakafika hadi Uingereza. Huko watoto waliingia madarasani na kupimwa kwa lugha ya wenyeji. Mtoto akipata alama ndogo hujiona mjinga. Akipata kubwa, pengine humdharau babu yake asiyejua kusoma. Basi tutazame vipimo hivi vya akili vimetoka wapi.

Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Binet mwenyewe alikataa kauli kwamba akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Lakini kipimo kilipofika Marekani, wako waliokitumia kupanga makabila ya watu, nani juu na nani chini.

Fikra hiyo ilifika na kwetu. Katika miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa Nairobi alidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alilinganisha wanafunzi wa Alliance High School, Kikuyu, na wa shule ya Wazungu ya Nairobi. Wazungu walipata wastani wa juu, lakini baadhi ya Waafrika waliupita wastani huo. Oliver alitahadharisha kuwa malezi na masomo ya pande mbili hayakuwa sawa.

Tahadhari hiyo ilikuja kupata nguvu. Huko Embu, alama za watoto wa miaka 7 zilipanda sana baina ya 1984 na 1998. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika ni chakula, afya na wazazi waliosoma. Na huko Usenge, karibu na Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama ndogo katika msamiati wa Kiingereza. Hawakukosa akili, waliitumia kwingine.

Sasa mfikirie mvuvi wa Kibajuni aliyemfunga chazo kamba mkiani na kumtuma amnase kasa. Wafikirie mababu walioshona mitepe kwa kamba, bila msumari. Ni karatasi gani iliyowauliza hayo?

Hatusemi shule iachwe, la. Embu inatufundisha kuwa mtoto akilishwa, akitibiwa na akisomeshwa, alama hupanda. Kwa hiyo matokeo yakija nyumbani, tusimwambie mtoto ana akili au hana. Tumwulize amejifunza nini, na nini bado. Kisha tumkalishe na babu yake, amwulize ya baharini.